Safari Zetu Nani Anazihesabu?

(Mazungumzo yaliyotolewa mjini Babati mbele ya wahitimu wa kisomo kutoka vijiji vya jirani)

Ndugu wanakisomo,

Tunajua wengine mmeanza njia alfajiri. Wengine mmekuja kwa miguu, wengine kwa baiskeli, wengine kwa basi. Wengine mmekuja kwa bodaboda, tena mshikaki, ingawa tukiuliza hapa mtasema hapana.

Leo hatutazungumza habari za mbolea wala habari za maleria. Tutazungumza habari za hizo safari mlizokwenda leo, na zile mnazokwenda kila siku. Tunataka kuulizana jambo moja: Safari zetu nani anazihesabu? Maana kisichohesabiwa hakiingii katika mpango. Na kisichoingia katika mpango hakipati fedha.

Mama aliyepita mara nne

Tuanze na kisa kimoja. Miaka michache iliyopita tulikuwa katika kijiji kimoja cha wilaya hii, kwenye darasa la kisomo. Walikuja vijana wawili wenye madaftari. Wakaketi njia panda, chini ya mti, tangu asubuhi hadi jioni. Kazi yao ilikuwa kuhesabu magari. Gari likipita, kijiti kimoja. Pikipiki ikipita, kijiti kimoja. Jioni wakafunga madaftari yao wakaenda zao.

Baada ya darasa, mama mmoja mwanakisomo akatuuliza: "Mwalimu, mimi leo nimepita pale mara nne. Mara mbili na ndoo ya maji, mara moja na kuni, mara moja na mtoto mgongoni nikimpeleka zahanati. Je, wameniandika wapi?"

Tukatazamana. Hatukuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hakuandikwa popote. Na sisi wenyewe tuna kosa. Vijana wale tuliwakaribisha chai, lakini hatukuwauliza wanaandika nini na wanaacha nini.

Njia ya mama yule kwenda zahanati ina korongo. Kiangazi unalivuka bila shida. Masika linajaa maji. Masika yaliyofuata mama mwingine alishikwa na uchungu usiku. Wanaume wakambeba kwenye machela hadi korongoni, wakashindwa kuvuka. Akajifungulia pale pale kando ya maji, wakinamama wenzake wakimzungushia kanga. Mama na mtoto walipona, tunamshukuru Mungu. Lakini kupona kwao hakukuwa mpango, ndugu zangu. Kulikuwa bahati tu.

Kwa nini korongo lile halikuwa na kivuko? Kwa sababu katika daftari njia ile haikuwa na safari. Lakini safari zilikuwapo! Hazikuhesabiwa tu.

Mpango wa usafiri ni nini?

Kupanga usafiri ni kama kupanga shamba. Mkulima mwenye akili hapandi kwanza halafu ndipo aulize watoto wangapi watakula. Huanza kuuliza: Kaya ina watu wangapi? Wataongezeka au watapungua? Ardhi yetu ni ya namna gani? Mvua hunyesha lini? Ndipo anachukua jembe.

Basi mkoa nao hufanya hivyo. Mkoa wetu wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002, ulipogawanywa kutoka mkoa wa Arusha. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 1,425,131. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu 1,892,502. Chukueni kalamu mtoe. Mtapata 467,371. Katika miaka 10 tumeongezeka watu zaidi ya laki nne na nusu. Watu hao wote wana miguu. Wanakwenda shambani, sokoni, shuleni, hospitalini, harusini na misibani. Njia zile zile za mwaka 2012 zitatutosha? Hilo ndilo swali la mpangaji.

Tena mpangaji haangalii barabara za magari peke yake. Huangalia kila namna ya kusafiri: miguu, punda, mkokoteni, baiskeli, guta, bodaboda, bajaji, basi, lori, treni, ndege. Na zaidi ya hapo huangalia mahali zinapokutana. Maana safari moja mara nyingi ni safari tatu. Gunia la mbaazi hutoka shambani juu ya punda, hufika barabarani likapakiwa kwenye guta, kisha likapanda lori. Kiungo kimoja kikikatika, gunia linalala.

Maswali manne ya mpangaji

Wataalamu wana hesabu yao ya kubashiri safari za miaka ijayo. Njia yao ilianza kukua miaka ya 1950 huko Marekani, katika miji ya Detroit na Chicago. Siku hizi hesabu hiyo hufanywa kwa kompyuta na ina namba nyingi. Lakini msiogope. Ndani yake mna maswali manne tu, na kila mmoja wenu anaweza kuyajibu.

Swali la kwanza: Safari ngapi zinaanza hapa?

Safari haizaliwi hivi hivi tu. Ina mama yake. Kaya yenye watoto wa shule huzaa safari za shule. Kaya isiyo na bomba huzaa safari za maji. Shamba likivunwa, huzaa safari za mizigo. Kwa hiyo mtaalamu akitaka kujua safari za kijiji, huuliza kwanza: kaya ngapi, watu wangapi, wanafanya kazi gani, wanalima nini.

Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Safari za vijijini hufuata msimu. Ukihesabu malori barabarani wakati wa mavuno ya mahindi na mbaazi, utayaona mengi. Ukihesabu wakati watu wanapalilia, utayaona machache. Tena safari hufuata bei. Mnakumbuka mwaka 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi wetu mkubwa wa mbaazi, iliweka kikomo cha mbaazi za kuingia kwao. Bei hapa ikaanguka vibaya. Wengine waliacha mbaazi zikae ghalani. Sasa mtu akija kuhesabu malori mwaka kama huo, akaandika kuwa njia hii haina mizigo, atakuwa amesema kweli? Ameona kweli ya siku ile, lakini hajaona kweli ya kijiji.

Kwa hiyo ukisikia wahesabuji wanakuja, uliza: Ni siku ya mnada au si siku ya mnada? Ni masika au kiangazi? Mtahesabu siku ngapi? Hayo si maswali ya ukaidi. Ni maswali ya haki.

Swali la pili: Safari zinakwenda wapi?

Hapa wataalamu wana kanuni moja, nayo ni nyepesi. Mahali pakubwa huvuta watu wengi, na umbali huwapunguza. Mnada mkubwa huvuta kuliko mdogo. Lakini mnada mkubwa ulio mbali unaweza kushindwa na mdogo ulio jirani. Mama mwenye debe moja la mahindi hafungi safari kwenda Arusha. Atauza Babati au Magugu. Mwenye lori zima ndiye atakayewaza habari za Arusha.

Mji wetu wa Babati una nguvu ya kuvuta kwa sababu ni njia panda. Tazameni. Kaskazini kuna njia ya Minjingu na Makuyuni kwenda Arusha. Magharibi kuna njia ya Katesh kwenda Singida. Kusini kuna njia ya Bonga na Kondoa kwenda Dodoma. Njia hii ya kaskazini hadi kusini ni kipande cha ile njia kuu ndefu inayotoka Cape Town, Afrika ya Kusini, hadi Cairo, Misri. Wageni wengi hupita hapa wakidhani Babati ni mahali pa kunywa chai tu. Sisi tunajua kuwa hapa ndipo mizigo ya Mbulu, Hanang na Kondoa inapokutana.

Nguvu ya kuvuta nayo hubadilika. Zamani mtu wa Babati mwenye shida ya mkoa alikwenda Arusha. Tangu mwaka 2002 ofisi za mkoa ziko hapa. Safari nyingi za kwenda Arusha zikafupika zikawa safari za Babati. Tangu mwaka 2016 serikali kuu ilipoanza kuhamia Dodoma, watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara wengi wamegeuza nyuso zao kusini. Barabara ni ile ile, lakini watu wamegeuka.

Swali la tatu: Watu watapanda nini?

Ndugu zangu, hapa ndipo wataalamu wengi hukosea. Hudhani ukileta kitu kipya watu wote watakipanda. Sivyo. Mtu hupima mambo mengi kwa mara moja. Hupima nauli. Hupima muda. Hupima mzigo alio nao. Hupima kungoja kituoni na kutembea hadi kituoni. Hupima usalama wake. Mama anayerudi jioni na binti yake hatapanda chombo cha bei rahisi kama anaona njia si salama.

Kuna kisa cha Marekani kinachofundisha vizuri. Miaka ya 1970, huko San Francisco katika jimbo la California, ilikuwa inajengwa reli mpya ya umeme ya abiria iitwayo BART. Wapangaji walibashiri kuwa katika kila wasafiri 100, watu 15 watapanda treni hiyo. Mtaalamu mmoja wa uchumi, Daniel McFadden, hakuanza na reli. Yeye alianza na watu. Aliwauliza mmoja mmoja: Unasafirije sasa? Unatumia muda gani? Unalipa kiasi gani? Unatembea umbali gani? Kisha akapiga hesabu yake. Akasema katika kila watu 100 watapanda 6 na kidogo tu. Reli ilipofunguliwa, wakahesabu. Ikawa 6 na kidogo. Mwaka 2000 Bwana McFadden alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa elimu hiyo.

Tunajifunza nini? Hata katika nchi tajiri yenye mashine nyingi, aliyepata jibu sahihi ni yule aliyewauliza watu.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ilianza Julai, na Agosti mosi Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Wakati wa kuanza, nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Je, reli hii inatuhusu sisi wa Babati, na haifiki hapa? Inatuhusu. Mtu wa Babati sasa anaweza kupanda basi hadi Dodoma, kisha akapanda treni hadi Dar es Salaam. Hiyo ndiyo safari ya kuunganisha.

Lakini je, basi linafika Dodoma kabla ya treni kuondoka? Kama linafika treni imekwisha kwenda, utalipa nyumba ya kulala wageni. Basi la moja kwa moja litakuwa rahisi zaidi kwako. Kituo cha basi na kituo cha treni viko mbali? Una magunia au una begi dogo? Mnaona! Reli inaweza kuwa nzuri sana na watu wa Babati wasiipande, kwa sababu ya kiungo kibovu. Kwa hiyo mpango wa mkoa hauishii kwenye lami. Unahusu pia saa ya basi, mahali pa stendi, na kivuli cha kungojea.

Swali la nne: Watapita njia gani?

Njia mbili zikienda mahali pamoja, mtu huchagua ile isiyomchosha. Si lazima iwe fupi. Wazee mnakumbuka barabara ya Kondoa kabla ya lami. Masika ilikuwa tope. Wasafiri wengi wa Dodoma waliona heri kuzunguka Singida, ingawa ni mbali zaidi. Kisha lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ikakamilika, kilomita 251. Ilizinduliwa Aprili 2018 huko Kondoa na Rais John Magufuli, akiwa na Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Dakta Akinwumi Adesina. Waliokuwa wakizunguka wakaacha kuzunguka. Tena wakatokea wasafiri wapya ambao zamani hawakusafiri kabisa. Barabara nzuri huzaa safari. Mpangaji asiyelijua hilo atajenga stendi ambayo itajaa kabla rangi yake haijakauka.

Swali hili la nne lina upande mwingine, nao ni wa huzuni. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang ulimwaga tope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji vya karibu. Ndugu zetu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tope lilifunika nyumba na barabara. Ile njia ya Babati kwenda Singida inapita Katesh hapo hapo. Siku kama hiyo mtu huuliza: Ikifungwa hii, iko nyingine? Gari la wagonjwa lipite wapi? Chakula kipite wapi? Mpango mzuri hauulizi tu njia ya siku njema. Huuliza na njia ya siku mbaya.

Makete walianza zamani

Mtu anaweza kusema, "Mwalimu, maswali yako manne ni ya mijini na ya magari. Sisi tunatembea." Amesema kweli. Hesabu ile ilizaliwa katika miji yenye magari mengi, kwa hiyo macho yake yamezoea kuona magari.

Lakini nchi yetu ilikuwa na jibu lake. Miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa usafiri vijijini katika wilaya ya Makete, iliyokuwa mkoa wa Iringa na sasa iko mkoa wa Njombe. Shirika la Kazi Duniani lilisaidia. Hawakuanza kwa kuhesabu magari njia panda. Waliingia katika kaya. Wakauliza: Nani anakwenda wapi, mara ngapi, kwa muda gani, na amebeba nini?

Majibu yakawashangaza wengi. Safari nyingi za kaya hazikuwa za mjini wala za barabara kuu. Zilikuwa za kijijini na jirani yake: kisimani, msituni kutafuta kuni, shambani, kwenye mashine ya kusaga. Karibu zote ni za miguu. Na mzigo mkubwa ulikuwa juu ya vichwa vya wanawake.

Walipojua hivyo, dawa nayo ikabadilika. Barabara zilitengenezwa, ndiyo. Lakini pia vijia vya miguu vilitengenezwa na vivuko vikajengwa. Punda wakaletwa. Matoroli yakatengenezwa. Tena wakagundua neno kubwa: wakati mwingine dawa ya safari ndefu si njia. Ni kuondoa safari yenyewe! Bomba likifika karibu, safari ya maji inakufa. Mashine ya kusaga ikija kijijini, mama harudi tena na unga kichwani kutoka kijiji cha tatu.

Tuhesabu kaya moja

Sasa tufanye hesabu. Hii ni kaya ya mfano tu, lakini pimeni kama inafanana na yenu.

Maji: safari 3 kila siku, kila moja nusu saa. Hiyo ni saa 1 na nusu kwa siku. Kwa siku 7 ni saa 10 na nusu.
Kuni: safari 2 kwa juma, kila moja saa 3. Jumla saa 6.
Kusaga: safari 1 kwa juma, saa 2.
Mnada: safari 1 kwa juma, kwenda na kurudi saa 4.

Jumlisheni. Mtapata saa 22 na nusu kwa juma moja. Kama siku ya kazi ina saa 8, hizo ni karibu siku tatu za kazi. Siku tatu za njiani katika kila juma! Na katika saa hizo zote, mhesabuji wa barabarani anaweza kuona safari ya mnada peke yake, yaani saa 4. Zile 18 na nusu ziko vichakani ambako hakuna mtu aliyeketi na daftari.

Daftari la safari

Ndugu wanakisomo, ninyi mnajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, shabaha haikuwa mtu aandike jina lake tu kisha kalamu ikauke. Shabaha ilikuwa mtu atumie elimu kutengeneza maisha yake. Basi tunawaomba mfanye hivi:

1. Chukueni daftari moja kwa kila kikundi cha kaya kumi. Chagueni wawili wa kuandika, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Wanaume peke yao husahau safari za maji. Tumeliona hilo mara nyingi.

2. Pigeni mistari mitano ya kushuka. Andikeni: Nani. Kwenda wapi. Kwa nini. Kwa chombo gani. Muda gani. Kwa asiyejua kuandika, chora kijiti kimoja kwa kila safari.

3. Andikeni siku 7 mfululizo, na siku ya mnada iwemo. Mwandike mara mbili kwa mwaka: juma moja la kiangazi na juma moja la masika.

4. Andikeni pia safari ambazo hazikufanyika. Hili ni muhimu sana. Mtoto aliyekosa shule kwa sababu mto umejaa, andika. Mgonjwa aliyebaki nyumbani kwa kukosa nauli ya bodaboda, andika. Nyanya zilizooza kwa kukosa gari, andika. Mhesabuji wa barabarani hawezi kamwe kuona safari iliyoshindikana. Ninyi tu mnaweza.

5. Jumlisheni, kisha mpeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri hupanga mipango kwa kuanzia vijijini, kwa ule utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo. Siku hiyo msije na kilio tu. Mje na namba.

Mjue pia mlango wa kubisha. Barabara kuu na barabara za mkoa ni za Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ni za TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Nauli za mabasi zina kikomo kinachowekwa na LATRA, iliyoanza kazi mwaka 2019. Vijia vya miguu, mara nyingi mwenyewe ni kijiji. Ukipeleka shida ya kijia kwa wenye barabara kuu, utazungushwa mwaka mzima.

Na neno moja la tahadhari. Mkiomba barabara, mjue na sheria yake. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Usijenge kibanda humo halafu ukalia alama ya X ikichorwa. Na lami ikifika, mwendo huongezeka. Wafundisheni watoto kuvuka. Ombeni kivuko cha waenda kwa miguu tangu wakati wa kupanga, si baada ya msiba.

Mwisho wa kisa chetu

Mtauliza, yule mama aliyepita mara nne aliishia wapi? Alirudi darasani juma lililofuata na daftari. Yeye na wenzake waliandika siku saba. Wakalisoma daftari mbele ya mkutano wa kijiji, yeye mwenyewe akisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Mzee mmoja akasimama akasema, "Mimi nimeishi hapa miaka yote. Sikujua kuwa mke wangu anakwenda mbali hivyo kila siku." Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikudumu.

Kijiji kikaamua. Vijana wakakata magogo, wakaweka kivuko cha miti juu ya korongo. Kivuko cha zege kikaandikwa katika mpango wa kata. Hatutawadanganya: hadi leo tunapozungumza, kivuko cha zege bado hakijajengwa, na kile cha miti hutengenezwa upya kila mwaka. Lakini safari za korongoni sasa zimo katika karatasi, na kila mwaka wanakijiji huuliza zimefikia wapi. Zamani hawakuwa na la kuuliza.

Basi, ndugu zangu, mkirudi leo, hesabuni. Anzeni na safari hii hii ya kurudi nyumbani. Safari njema.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kaya yako, nani hutumia saa nyingi njiani? Kwa kazi gani?
2. Taja safari moja iliyoshindikana kijijini kwenu masika yaliyopita. Ilishindikana kwa nini?
3. Ni safari gani ingeweza kuondolewa kabisa kwa kuleta huduma karibu?
4. Njia ya kwenda zahanati ya kwenu ni ya nani: ya kijiji, ya TARURA au ya TANROADS? Mtajuaje?
5. Ukitaka kwenda Dar es Salaam kwa basi na treni, ni kiungo gani kitakachokusumbua zaidi?